Upepo Kwanza, Gesi Baadaye

Joto la Dar es Salaam likishapamba moto, kati ya Desemba na Machi, kuna sentensi moja inayowaingizia mafundi AC riziki kuliko ufundi wao wote: “Fundi, niongezee gesi.” Mteja amefika na ugonjwa ameshautaja, na dawa ameshaichagua. Fundi ana mtungi wa gesi pembeni, magari mengine yanasubiri, na kubishana na mwenye pesa hakumlipi. Anaunganisha geji, anajaza, anapokea chake. Mteja anaondoka na upepo uleule hafifu ambao haufiki hata kwenye kola ya shati.

Tatizo ni kwamba magonjwa mawili yanaitwa kwa jina moja. Kuna gari linalotoa hewa kwa nguvu zote, lakini hewa yenyewe ni ya joto. Hapo gesi ni ya kuulizwa, na kompresa, na kondensa iliyo mbele ya rejeta. Halafu kuna gari ambalo ukiweka kiganja mdomoni mwa tundu la hewa unasikia baridi safi, ila ukirudi nyuma kidogo tu husikii kitu. Hili la pili halitibiwi kwa gesi hata umwage mtungi mzima. Upepo husukumwa na feni iliyojificha nyuma ya dashibodi upande wa abiria, na gesi haihusiki kabisa na kusukuma. Tena gesi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Gari dogo kama Vitz, IST au Passo hubeba gramu mia chache tu, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ukizidisha, presha inapanda, kompresa inaelemewa, na baridi inapungua badala ya kuongezeka. Yaani unaweza kulipa pesa ukaondoka na gari baya kuliko ulivyolileta.

Kwa hiyo pima mwenyewe kabla hujaenda popote. Ni bure, na utamaliza ukiwa bado umeegesha nyumbani. Washa gari, AC ibaki imezimwa, elekeza hewa usoni, kisha pandisha feni mwendo mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Sikiliza kwanza, ndipo uguse. Feni ikinguruma kwa nguvu huku upepo ni mdogo, mota ni nzima na kuna kitu kimeziba njia. Feni ikiwa kimya mwendo wote, tafuta fyuzi, rilei, waya au mota yenyewe. Na ikiwa imekufa kwenye mwendo wa kwanza, wa pili na wa tatu, halafu ukifika wa mwisho inawaka kama kawaida, basi karibu hakuna haja ya kupima zaidi. Hiyo ni resista, yaani kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye mwendo wa chini. Kwenye AC ya kuzungusha kwa mkono, mwendo wa mwisho huchukua umeme moja kwa moja bila kupitia resista, ndiyo maana unapona peke yake.

Jaribio jingine ni kitufe cha kuchagua hewa ya ndani au ya nje. Ukihamia hewa ya ndani upepo huongezeka kidogo, hilo ni la kawaida. Ukiongezeka sana, angalia ile sehemu ya chini ya kioo cha mbele ambako hewa ya nje huingilia. Anayeegesha chini ya mwarobaini au mkungu anajua kilichojaa pale.

Kisha kuna kesi inayowachanganya wengi: upepo mzuri ukitoka Mbezi, ila ukifika Ubungo umekwisha, na ukizima AC kwa dakika kumi au zaidi unarudi. Hiyo ni barafu. Evaporeta, yaani ile koili inayopoza hewa, imeganda mpaka mapezi yake yamezibwa. Inaweza kuganda kwa sababu gesi imepungua, au kwa sababu kihisi cha joto kimekufa na kompresa haipati amri ya kupumzika, au kwa sababu filta ya hewa ya ndani ya gari imeziba na hewa inayopita ni kidogo mno. Hapa ndipo gesi inaweza kuwa na hatia kweli kwenye ugonjwa wa upepo, lakini anza na filta, maana ndiyo rahisi kuliko vyote.

Tuje kwenye pesa. Bei za spea hupanda na kushuka, na kila duka Kariakoo lina bei yake kutegemea ulivyovaa, kwa hiyo ninachotoa hapa ni kiasi ambacho ningetenga kwa Toyota ndogo kabla ya kuanza kupatana.

Kwa filta, tenga shilingi 20,000 hadi 30,000. Fundi huhitaji. Fungua droo ya dashibodi, toa makaratasi yote ya bima na risiti za zamani, bana pembe za droo kwa ndani mpaka ishuke chini, utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Kivute, kisha vuta filta iliyo nyuma yake. Kinachotoka kwenye gari ambalo halijaguswa miaka miwili huwa na rangi ya majivu, kizito, na katikati ya mikunjo yake utakuta vijani, mabawa ya wadudu na wakati mwingine unyoya. Iache filta mezani, washa feni bila filta kwa muda mfupi, uone. Upepo ukirudi kwa kishindo, uchunguzi umekwisha na hakuna aliyekutoza hata senti. Ukifunga mpya, fuata mshale ulioandikwa ubavuni.

Watengenezaji wengi hupendekeza kubadilisha kati ya kilomita 15,000 na 30,000. Kwa mtu wa Goba au Chanika, anayepita barabara ya vumbi kila siku, ningefuata namba ndogo, na hata hiyo kwa kuipunguza. Kati ya filta ya kawaida na ile yenye mkaa, ambayo ni ghali zaidi, chaguo langu ni hili: anayekaa kwenye vumbi anunue ya kawaida na aibadilishe mara kwa mara; anayeshinda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela nyuma ya malori anunue ya mkaa, kwa ajili ya harufu. Filta ya mkaa iliyosahaulika miaka mitatu haina heshima yoyote juu ya ya kawaida iliyo mpya.

Wapo wanaopuliza filta ya zamani kwa kompresa ya upepo na kuirudisha. Vumbi la juu linatoka, lile laini lililoingia ndani ya karatasi linabaki, na presha ikikaribia sana karatasi inachanika. Kwa kusogeza wiki mbili mpaka mshahara utoke, sawa. Wapo pia wanaoitupa kabisa wakaendesha bila filta, na hawa wanafurahi sana mwezi wa kwanza. Tatizo ni kwamba evaporeta ikifanya kazi huwa imelowa maji, vumbi likiifikia linakuwa tope, na tope hilo halivutwi kwa mkono kupitia droo. Baadhi ya magari yaliyotoka Japani yalikuja hivyohivyo, sehemu ya filta ipo lakini tupu, kwa kuwa ilikuwa kitu cha kuongezea. Mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka akiamini filta ipo. Fungua uone.

Upande wa feni, usikimbilie kununua. Mota nyingi za Toyota ndogo zimeshikwa na skrubu tatu hivi, chini ya dashibodi miguuni mwa abiria. Ishushe, angalia lile gurudumu lenye mapezi. Likiwa limejaa majani au tope kavu, lisafishe kwa brashi, umemaliza. Ikilia kwa mlio mkali au inasimama na kuwaka tena ukiigonga, mara nyingi ni kaboni zimeisha. Fundi umeme anaweza kubadilisha kaboni kwa pesa kidogo, na inafaa kama sehemu ya shaba ambayo kaboni husugua bado ni nyororo. Ikiwa imechimbika, kaboni mpya zitaliwa upesi.

Kwa mota nzima ningetenga 80,000 hadi 150,000, na ningechukua iliyotumika Japani kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina. Mota ya asili iliyotumika unaweza kuijaribu palepale dukani kwa betri: isikilize, ishike uone kama inatetemeka, linganisha plagi na ya kwako kabla pesa haijatoka mfukoni. Resista ni kinyume chake. Hapo nanunua mpya, kwa 30,000 hadi 60,000, kwa sababu ni kitu kinachoungua, na kuchukua kilichotumika ni kununua umri usioujua.

Lakini kuna mtego hapa. Resista iliyoungua mara nyingi ni shahidi, mhalifu ni mota iliyochoka inayovuta umeme mwingi kupita kawaida. Fundi asiyepima anafunga resista mpya, unalipa, na baada ya muda mfupi inaungua tena. Dalili unaiona kwa macho: plagi ya mota au ya resista imebadilika rangi, plastiki imeyeyuka pembeni. Ukiona hivyo, hesabu mota, resista na plagi kwa pamoja, au angalau mwambie fundi apime mota inavuta ampea ngapi. Usikubali kamwe fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha fyuzi. Fyuzi kubwa inahamisha moto kutoka kwenye kitu cha shilingi elfu moja kwenda kwenye waya za dashibodi. Magari yenye AC ya kujiendesha yenyewe, kama Harrier nyingi, hayatumii resista hiyo bali kidhibiti cha kielektroniki, ambacho ni ghali zaidi, kwa hiyo kupima kabla ya kununua kuna faida kubwa zaidi.

Milango ya ndani inayogawa hewa kwenda usoni, miguuni au kwenye kioo huharibika pia. Utaijua kwa sauti ya tik-tik-tik nyuma ya dashibodi ukibadilisha uelekeo, au hewa kung’ang’ania kioo ilhali umeiagiza usoni. Kwenye magari ya waya wa mkono, mara nyingi ni waya tu umechomoka.

Penye pesa nyingi ni evaporeta. Filta mpya, feni inanguruma, upepo bado hafifu, na ndani kunanuka kama tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Hapo utaambiwa dashibodi ishushwe. Kabla hujakubali, kuna njia ya kati: kusafisha kwa povu maalumu kupitia tundu la resista au la mota, povu likaloweka uchafu, kisha likatoka na maji kupitia bomba la kutolea maji chini ya gari. Tenga 40,000 hadi 70,000. Kwa ukungu na vumbi la kiasi inasaidia sana. Kwa tope lililokauka mapezini haifui dafu, na anayekuahidi vinginevyo anauza povu. Omba fundi aingize kamera ndogo ya waya kwenye tundu hilo akuonyeshe kwenye simu. Gereji nyingi sasa zinazo, na picha moja inakuokolea mabishano yote.

Dashibodi ikishuka ni kazi ya siku nzima, na kwa ufundi peke yake ningetenga 200,000 kwenda juu. Uliza kwanza kama kwa gari lako evaporeta inaweza kutoka kupitia upande wa droo, maana kwa baadhi inawezekana. Ikishuka, gesi lazima ivutwe na kuhifadhiwa, si kuachiwa hewani kama inavyofanywa chini ya miembe mingi. R134a, ambayo ndiyo gesi ya AC ya magari mengi haya, huongeza joto duniani, imo kwenye orodha ya gesi zinazopunguzwa chini ya Makubaliano ya Kigali ya 2016, na kwa vyovyote iliyoachiwa hewani utanunua nyingine. Ukiwa umeshalipia kazi hiyo, usirudishe evaporeta yenye dalili za mafuta mafuta, ambayo ni alama ya kuvuja. Badilisha pamoja na vali yake ya kupanulia gesi. Kurudia ufundi ndiko kunakouma, spea si kitu. Na patana mapema kuhusu vibanio vya plastiki vitakavyovunjika, kwa sababu vitavunjika, na dashibodi inayolia kwenye kila tuta ni usumbufu usio na mwisho.

Wenye Noah na Alphard wakumbuke kwamba nyuma kuna feni yake na evaporeta yake. Mbele kukiwa na upepo na nyuma hakuna, gesi ni ileile moja inayohudumia pande zote mbili, kwa hiyo usimruhusu mtu aiguse. Fyuzi na feni ya nyuma ndizo za kuanza nazo.

Kuhusu fundi, mimi namchagua anayetoza ada ya kupima, hata kama ni 15,000 au 20,000, na kuikata kwenye bili ukimpa kazi. Pale ambapo kuangalia ni bure, mwenye gereji hula kwa kujaza tu, na ataona upungufu wa gesi popote. Mwambie pia aweke kipimajoto kwenye tundu la katikati kabla na baada. Nyuzi joto zikiwa nzuri tangu mwanzo, mjadala wa gesi umefungwa.

Na ukiwa yadi unanunua gari, usiridhike na baridi ya dakika mbili. Pandisha feni kila mwendo, badilisha uelekeo wote, acha AC iwake wakati mnazungumza bei, kisha rudi uweke mkono tena. Muuzaji akisema upepo ni mdogo kwa sababu ya “gesi tu”, mwombe aijaze yeye kabla hujalipa. Akisita, kata kwenye bei gharama ya kushusha dashibodi.