"Put off" siyo "call off": Vineno vidogo vya Kiingereza vinavyoponza wengi

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam. Nilifikia kwa shangazi, shati nimeshalipiga pasi, nasubiri Jumanne tu. Jumatatu jioni ikaingia meseji ya Kiingereza: "Tuesday's interview has been put off. We will get back to you."

Kichwani nilikuwa na "off" moja tu, ile ya kwenye swichi ya taa. Off ni kuzima. Nikajua basi, usaili umefutwa, na hiyo "get back to you" ni lugha ya kistaarabu ya kumwambia mtu aende zake. Kesho yake nikapanda basi kurudi Singida. Alhamisi walinipigia mara tatu, mimi niko shamba na simu imeisha chaji.

Kumbe "put off" maana yake ni kuahirisha. Wangekuwa wamefuta kabisa, wangeandika "called off". Kazi ikaenda kwa mwingine.

Walimu wa Kiingereza huviita vitenzi vya namna hii "phrasal verbs". Unachukua kitenzi cha kawaida kabisa, kwa mfano put, get, take, turn au look, kisha unakifuatisha na kineno kama up, off, out au after. Vikishaungana, mara nyingi linazaliwa neno jipya. "Look" ni kutazama. Lakini "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kumdharau mtu. Ukitafsiri kipande kimoja kimoja, umepotea.

Na siyo sisi tu tunaopotea. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi maarufu mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba mtindo huu wa vitenzi ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Jina lenyewe la "phrasal verb" lilienea baadaye sana, kupitia kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925.

Ukiona Waingereza wana mambo, jiangalie na wewe. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Mzungu anayejifunza Kiswahili akikuta kwenye kamusi kwamba piga ni kama kuchapa, halafu akasikia fulani "amempigia mama yake", lazima ashtuke. Sisi hatushtuki kwa sababu hatukujifunza piga peke yake. Tulijifunza "piga simu" kama kitu kimoja.

Tofauti iko hapa: Kiswahili mara nyingi hubadilisha maana ndani ya kitenzi chenyewe. Funga, fungua. Vaa, vua. Kiingereza kinakiacha kitenzi kama kilivyo na kuning'iniza mkia nje. Vaa ni "put on", vua ni "take off". Kwa hiyo huo mkia usiuone kama pambo. Ndio unaobeba habari.

Sasa kuna jambo ambalo wengi tuliosoma shule zetu hatukuambiwa. Kiingereza tulichofundishwa ni cha vitabuni: postpone, cancel, tolerate, investigate. Haya ni maneno yenye asili ya Kilatini, mengine yakipitia Kifaransa, lugha iliyotawala kwa wakubwa wa Uingereza baada ya Wanormani kuivamia mwaka 1066. Mtu wa kawaida akiwa nyumbani husema put off, call off, put up with, look into. Ndiyo maana unaweza kusoma ripoti ya kurasa hamsini ukaielewa, halafu ukashindwa kumwelewa mtalii anayeongea na mwenzake kwenye daladala. Maneno makubwa tunayajua. Madogo ndiyo yanatutoa jasho.

Anayefanya kazi hotelini Zanzibar analijua hili vizuri. Mgeni anasema "We've run out of towels." Hakuna taulo iliyokimbia kwenda nje. Zimeisha, anataka nyingine. Anasema "Can you turn the music down?" Anaomba upunguze sauti. Lakini akisema "They turned down my card", kadi yake imekataliwa. Na akilalamika "The driver didn't turn up", dereva hakutokea. Turn ile ile, kesi tatu tofauti, na ukijibu "yes sir" tu kwa zote tatu, malalamiko yatafika kwa meneja kabla ya chai ya saa kumi.

Halafu kuna suala la kupanga maneno. Unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off", zote sawa. Ila ukitumia "it", lazima ikae katikati: "turn it off". Ukisema "turn off it" utaeleweka, lakini sikio la mwenye lugha litakwaruzika. "Pick up" inafuata njia hiyo hiyo: "pick it up". Lakini "look after" haitenganishwi hata kidogo. Ni "look after her", siyo "look her after". Hakuna kanuni fupi ya kukuambia kipi kinatengana na kipi hakitengani. Unakariri pamoja na neno lenyewe, kama mgeni anavyokariri kwamba kiti ni cha ki-vi na meza ni ya i-zi.

Kwenye kusikia ndiyo balaa zaidi, maana maneno yanaungana mdomoni. "Pick it up" inatoka kama "pikitap". "Turn it off" inakuwa "tenitof". Wewe unasubiri maneno matatu, inakuja moja ndefu. Dawa iliyonisaidia mimi ni kusikiliza mwisho wa sauti, kwa sababu katika vitenzi kama hivi vinavyotengana, msemaji hukazia kile kineno: pikitAP, tenitOF. Ukikidaka hicho, umeshapata nusu ya ujumbe.

Hapa Afrika Mashariki tuna mitindo yetu pia. Tunasema "he didn't pick my call" na "pick me at the stage", wakati Mwingereza angeweka up kwenye zote mbili. Kisha ile up tuliyoibana pale tunaipeleka kwenye "cope up with", ambako yeye hana. Kwake ni "cope with" tu. Kati yetu tunaelewana, na sioni dhambi yoyote. Ila kwenye barua ya kuomba kazi kwa watu wa nje, fuata mtindo wao. Na ukifunga barua hiyo, andika "I look forward to hearing from you". Wengi huandika "to hear", wakidhani ile "to" ni ya "to go" na "to eat". Siyo. Ni sehemu ya kitenzi chenyewe.

Ukikwama, usitafute "put" peke yake kwenye kamusi ya simu. Andika "put off" nzima, kisha soma maana zote hadi chini, maana kitenzi kimoja huwa na kazi nyingi. "Take off" ni kuvua viatu, ni ndege kupaa, ni biashara kuchangamka, na "take Monday off" ni kuomba mapumziko ya Jumatatu. Hata hiyo "put off" iliyonirudisha Singida ina maana nyingine: "the smell put me off" ni harufu iliyomkata mtu hamu.

Na kama unatafuta put ya kuzima kweli, ipo. Ni "put out", na kazi yake ni kuzima moto au sigara.