"Heavy" na zhòng: kivumishi kimoja, mizani mbili

"Heavy" ni kivumishi cha tangu Kiingereza cha kale, na ni ndugu wa kitenzi "heave", yaani kuinua kwa nguvu. Kwa asili, basi, kitu "heavy" ni kile kinachomtoa mtu jasho akikinyanyua. Mchina anayejifunza Kiingereza hukutana nacho mapema, na kamusi humpa neno moja la kukilinganisha nalo: zhòng. Kwa masanduku na magunia, ulinganisho huo hauna dosari. Makosa huanza pale maneno haya mawili yanapoacha mizigo na kuingia kwenye mambo yasiyopimika kwa kilo.

Mfano wa kwanza ni mvua. Kiingereza huisema "heavy rain", ila Kichina hutazama ukubwa: dàyǔ, mvua kubwa. Theluji nayo ni dàxuě, theluji kubwa, jina ambalo pia limepewa kimoja kati ya vipindi 24 vya kalenda ya jadi ya Kichina, kinachoanza karibu na tarehe 7 Desemba. Mwanafunzi aliyezoea hivyo huandika "big rain". Mswahili hawezi kumshangaa, kwa kuwa naye husema mvua kubwa. Akishasahihishwa, mwanafunzi huyo hujikwaa tena mbele kidogo: Kichina husema dàfēng, upepo mkubwa, naye kwa kukumbuka somo la mvua huandika "heavy wind". Kiingereza hapo hutaka "strong wind". Kinachosaidia ni kukumbuka kwamba "heavy" hupenda kitu kinachoanguka au kulundikana kwa wingi, wakati upepo husukuma. Kanuni hiyo haifungi kila mlango, lakini inamfikisha mwanafunzi mbali kuliko kukariri orodha.

Wingi huohuo ndio unaoeleza "heavy traffic", magari mengi barabarani. Kichina hutumia yōngjǐ, kusongamana, neno linalofaa kwa barabara na hata kwa basi lililojaa abiria. Kutokana nalo huzaliwa "crowded traffic". Kwa Kiingereza, basi huwa "crowded". Magari yaliyobanana barabarani ni "heavy".

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kivumishi hiki kinapotangulia jina la mtendaji. "A heavy smoker" anaweza kuwa mtu mwembamba kabisa. Kilicho kingi ni sigara anazovuta. Kichina humweleza kwa yānyǐn dà, kwamba ana uraibu mkubwa wa tumbaku. Kwa mnywaji wa pombe hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu Kichina kina msemo unaofanana kwa nje tu: jiǔliàng dà. Huo humtaja mtu anayeweza kunywa sana asilewe, na mara nyingi husemwa kwa kumsifu. "A heavy drinker" ni yule anayekunywa kupita kiasi mara kwa mara, na humo hamna sifa. Atakayemtambulisha mgeni wa heshima kwa maneno hayo atakuwa amemvunjia adabu bila kukusudia.

Kwa upande mwingine, zhòng hufika mahali ambapo "heavy" haifiki. Imo ndani ya zhòngyào, muhimu. Ndani ya zhòngdiǎn, hoja kuu. Na ndani ya zhòngbìng, ugonjwa mkali. Kiswahili kiko karibu na Kichina hapa, kwani nacho kina suala zito na hoja nzito. Kiingereza hugawa kazi hiyo kwa maneno mengine: "important", "main point", "serious illness". Chakula chenye viungo na chumvi nyingi, ambacho Mchina husema ladha yake ni zhòng, kwa Kiingereza kina "strong flavour". "A heavy meal" ni mlo unaokaa tumboni muda mrefu.

Zipo pia sehemu ambako lugha hizi mbili hukubaliana, na mwanafunzi azitumie bila hofu: viwanda vizito, faini nzito, lafudhi nzito, moyo mzito.

Sarufi ina mitego yake. Kivumishi cha Kichina husimama kama kiarifu bila kitenzi cha kuwa, kwa kawaida kikitanguliwa na hěn, ambayo mara nyingi haina nguvu kamili ya "sana". Ndipo hutokea "This box very heavy", sentensi iliyokosa "is". Katika kulinganisha, Kichina huweka bǐ kati ya vitu viwili na kivumishi hubaki kilivyo. Kiingereza hudai "heavier than". Baada ya kitenzi, kivumishi hugeuka kielezi: "it rained heavily". Mwisho ni sentensi "My weight is heavy", iliyofuata Kichina neno kwa neno. Kwa Kiingereza uzito huwa "high" au "low". Anayekuwa "heavy" ni mtu mwenyewe, au mzigo wake.