Wakili, Mzee wa Ukoo na Kahawa ya Kutafuna

Kanoni, wilayani Karagwe, mgeni haketi sana kabla hajaletewa akamwani, kahawa ya kutafuna: buni iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa. Zamani katika nchi za Kagera, watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu walitwaa buni moja yenye punje mbili, wakazipaka damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Ugomvi wa mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba, waliuamua wazee wa ukoo, na rubisi, pombe ya ndizi, ikanywewa kwa kupatana.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Mmarekani Dallin Oaks, mwanasheria aliyekuja kuongoza kanisa. Alizaliwa Provo, Utah, mwaka 1932. Baba yake, daktari wa macho, akafa kwa kifua kikuu mtoto akiwa na miaka 7. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1957, akamsaidia kazi Earl Warren, Jaji Mkuu wa Marekani, kisha akawa wakili, profesa, mkuu wa chuo na jaji wa Mahakama ya Juu ya Utah. Mwaka 1984 akaitwa kuwa mtume wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu huwaita Wamormoni. Akavua joho. Oktoba 2025, mwenye miaka 93, akawa rais wa kanisa lote.

Aliyezoea mapadri na wachungaji wa kusomea atauliza: Oaks alipata wapi upadri? Kwao hakuna seminari ya mapadri. Askofu wa mtaa huwa fundi, mwalimu au mkulima, anaongoza miaka kadhaa bila mshahara, kisha anampisha mwingine. Mkenya Joseph Sitati, aliyeingia uongozi mkuu wa kanisa hilo mwaka 2009, alikuwa mhandisi. Wanyambo wa zamani, wenyeji wa Karagwe, wangelielewa jambo hili upesi. Mzee wa ukoo naye alipalilia migomba yake asubuhi, jioni akaamua shauri, na hakuna aliyemwuliza cheti.

Kinachokwaza ni kahawa. Wamormoni wanafuata Neno la Hekima, fundisho lililotolewa mwaka 1833, na kwa hilo hawanywi pombe, chai wala kahawa, na hawavuti tumbaku. Karagwe, kahawa ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Kuikataa sebuleni kwa mtu ni kama kuukataa mkono wake. Na rubisi je, siku ya posa? Kwa mwana wa Kanoni atakayebatizwa katika kanisa hilo, naona hilo ni zito kuliko kutoa fungu la kumi.

Lakini Karagwe ilikuwa nchi ya ng'ombe kabla haijawa nchi ya mashamba ya kahawa. Kwa Rumanyika, mfalme aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, maziwa yalikuwa chakula cha heshima. Basi ndugu zangu, akija mgeni akaomba radhi kwamba hatafuni buni, msimkunjie uso. Mpeni maziwa, mketi naye mzungumze.