Maporomoko ya Hululu na Mkono Mtupu

Ndugu zetu wa Zinga na Bagamoyo huuona mto Ruvu ukiwa mzee: maji mazito, yenye rangi ya udongo, yakiingia baharini polepole kati ya mikoko. Aliyepata kupanda milima ya Uluguru hadi Bunduki ameuona utoto wake. Pale Hululu maji meupe huporomoka mwambani kwa kishindo, na manyunyu yake humlowesha mtazamaji kabla hajasogea karibu. Maji hayo hufuata mto Mgeta, na Mgeta huingia Ruvu.

Basi huo si uzuri wa kutazamwa tu. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, uliopo wilayani Bagamoyo, mwaka 1976. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam hunywa humo. Mlima ukilimwa bila kinga, udongo wake hutufikia sisi.

Tumezoea kumwonya mkulima wa mlimani kwa methali: “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Methali ina nguvu ya kushawishi, maana msikilizaji hawezi kuikana, ni ya babu yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, akieleza Ujamaa, alitumia ile ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu, nayo ikashika, kwani aliwaambia watu waliokwisha kushika majembe.

Lakini serikali ya kikoloni ilipowaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, fujo zilizuka mwaka 1955 na mpango ukaachwa. La mkuu lilisikiwa vizuri sana, lilikataliwa. Wala tusidhani ni ukaidi: kazi ilikuwa yao, faida haikuonekana.

Miaka hamsini baadaye, katika mradi ulioanza mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalirudi na shauri lile lile huko Kibungo, upande mwingine wa milima hiyo. Safari hii wakulima walilipwa, na watumiaji wakubwa wa maji walio chini ya mto wakachangia. Matuta yakachimbwa, miti ikapandwa. Nao wana methali yao ya kutujibu: “Mkono mtupu haulambwi.”

Malipo yale yalikuwa ya mradi. Twawauliza wanachama na wafanyakazi wenzetu: katika hati ya maji tunayolipa kila mwezi, ni senti ngapi zinazopanda mlima?