Doa jeusi Lemon Gaba: ni maji au kivuli cha wingu?

JUBA – Chukulia lori la unga limefika Nimule, kilomita 192 kutoka Juba, na mzigo unasubiriwa stoo Lemon Gaba. Mvua imenyesha. Mwenye mali anafungua picha ya setilaiti kwenye simu, anaona doa jeusi juu ya mtaa huo, anasema maji yamejaa, anaamuru gari lilale mpakani. Atalipa maegesho na posho ya dereva kwa sababu ya doa ambalo huenda ni kivuli tu.

Kosa hilo ni rahisi kulifanya. Setilaiti za Sentinel-2 za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ambazo picha zake hutolewa bure, hupita karibu saa nne na nusu asubuhi kwa kufuata jua. (Juba ilirudisha saa nyuma Februari 1, 2021, lakini jua halikuambiwa.) Wakati huo jua liko mashariki, hivyo vivuli huangukia magharibi. Mwanzoni mwa Aprili, mvua zinapoanza, wingu lililo mita 2,000 juu hutupa kivuli chake zaidi ya mita 800 pembeni. Wingu jeupe linaonekana juu ya mtaa mmoja, weusi wake juu ya mtaa mwingine, na mtazamaji haoni uhusiano wowote.

Maji nayo hufyonza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwa hiyo kwenye picha huwa meusi vilevile. Ili kutofautisha, programu kama Fmask hutafuta wingu kwanza, kisha hupiga hesabu ya mahali ambapo jua lingetupa kivuli chake. Weusi ukikutwa hapo, huandikwa kivuli.

Kukirekebisha ni kazi nyingine. Ardhi iliyo kivulini bado hupata mwanga wa anga, ndiyo maana huonekana ya samawati. Programu huilinganisha na ardhi ya aina hiyohiyo iliyo juani, kisha huongeza mng'ao wa kila rangi kwa kipimo chake. Picha hupendeza. Lakini chengachenga nazo huongezeka, na dimbwi lililoangazwa hivyo linaweza kufanana na udongo mkavu. Kwa mwenye lori, picha iliyopambwa ni hatari kuliko ile iliyoachwa na doa lake.

Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, mchana na usiku. Hata hivyo, kuta na nyumba zilizobanana huificha ardhi iliyo nyuma yake, kwa hiyo katikati ya mtaa haimalizi ubishi.

Jambo la kutazama kwanza ni tarehe, maana picha inayokuja na ramani ya kawaida ya simu inaweza kuwa ya miaka iliyopita. Kisha kuna tabaka la uainishaji linaloambatana na picha za Sentinel-2 zilizokwisha kuchakatwa: namba 3 ni kivuli cha wingu, namba 6 ni maji. Kusubiri picha ya siku tano baadaye hakusaidii sana, kwani maji ya mvua yanaweza kuwa yamekwisha kukauka na unga bado uko Nimule. Ikitokea namba 3 juu ya Lemon Gaba, simu moja kwa mwendesha bodaboda wa mtaa huo itagharimu kidogo kuliko usiku mmoja wa maegesho.