Ugaidi: kwa nini ulinzi wa mpakani peke yake hautoshi

Ukiwa Likunja, Ruangwa, vita ya Cabo Delgado, Msumbiji, unaweza kuiona ya mbali. Lakini Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Mto Ruvuma, wakaua watu na kuchoma nyumba kijijini Kitaya, Mtwara.

Serikali iliongeza ulinzi mpakani. Julai 2021, SADC ikapeleka kikosi Msumbiji, JWTZ ikiwemo.

Sasa tatizo liko wapi? Kijana haanzi kwa kupewa bunduki. Anaanza kwa kuahidiwa kazi, hela au masomo.

Mzazi anaweza kunyamaza akihofia mwanae atakamatwa. Ila Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inambana aliyejiunga. Kwa hiyo ukiona katumiwa nauli na mtu msiyemjua, ongea naye mapema. Mshirikishe shehe, mchungaji au mwenyekiti wa kijiji, kabla hajaondoka.