Kimono Haivaliwi Hivyo

Swali halikomi: "Nataka picha za mitindo za Kiasia, nitapata wapi vijiti vya kuchomeka kwenye nywele?" Vijiti ni vya kulia chakula. Pambo la nywele la Kijapani ni kanzashi, liwe kitana, pini au maua ya hariri.

Ila vijiti ni nusu tu ya balaa. Watu huchukua qipao, gauni la kola ya kusimama la Shanghai, wakalifunga mkanda mpana wa Kijapani, wakampaka mwanamitindo poda nyeupe na kumshikisha mwavuli wa karatasi. Hakuna nchi wanakovaa hivyo. Uso mweupe ni wa geisha na maiko (wanafunzi wao) wakiwa kazini, au wa waigizaji wa kabuki. Mwanamke wa Tokyo aliyevaa kimono kwenda harusini hajipaki. Na kuvuta pembe za macho kwa gundi ili mtu "afanane" ni dhihaka. Picha hiyo mimi siipigi.

Kosa zito zaidi liko kifuani. Upande wa kulia wa kimono hutangulia kugusa mwili, wa kushoto ukalala juu yake. Ukimtazama mvaaji ana kwa ana, kola inachora herufi y. Kinyume chake ndivyo Wajapani wanavyomvisha maiti. Kanuni hii haibadiliki kwa mwanamume wala mwanamke. Hata aliyevaa sawasawa huharibiwa kwenye kompyuta: mhariri anaigeuza picha ili sura ielekee kwenye maandishi, na papo hapo kushoto kumekuwa kulia. Picha nzuri, mwanga mzuri, na aliye hai kavishwa sanda.

Basi chagua nchi moja na enzi moja. Ukipenda qipao, tazama Maggie Cheung katika filamu ya In the Mood for Love (2000): ngazi nyembamba, taa hafifu, gauni linalobana. Ukiwa Seoul, kodi hanbok, vazi la jadi la Kikorea. Aliyeivaa huingia bure kasri la Gyeongbokgung. Bajeti ndogo? Achana na mavazi ya jadi. Fuata wabunifu wa Kijapani Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto, walioonyesha Paris mwaka 1981: nguo nyeusi pana, ukuta mtupu, mwanga wa dirishani. Ukiwa Kyoto, kodi kimono dukani na umwache mwenye duka akuvishe, lakini usipige picha kwenye vichochoro vya watu binafsi vya Gion, mtaa wa geisha. Vibao vimewekwa, na faini iliyotangazwa ni yeni 10,000.